Simenti haikauki: dale moja Kasongo, dale nyingine Kabambare

KASONGO, kusini mwa Maniema – Katika parsele moja ya mji wa Kasongo kuna dale ya kuanikia mpunga, sakafu ya beto yenye meta tano kwa nne, iliyogawanywa vipande vinne. Vipande vitatu ni vigumu, na ufagio ukipita juu yake asubuhi hautoi kitu. Kipande cha nne, kile cha upande wa njia, kinatoa vumbi jeupe kila siku. Simenti ni ileile, mchanga ni uleule, fundi ni yuleyule. Mwenye dale, mama mjane anayenunua mpunga vijijini na kuuza mchele, anaijua sababu. Mwanawe anaijua zaidi yake.

Kwa wakaaji wa Kasongo habari ya dale si habari ndogo. Mpunga ndio unaolipa masomo ya watoto, dawa na mabati katika nyumba nyingi. Kilimo hiki kilishika nguvu hapa wakati wa wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na pwani, ambao waliacha pia lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu. Mji wao wa zamani, kule Tongoni, ulitekwa mwezi wa nne 1893 na majeshi ya Dola Huru la Kongo chini ya Mbelgiji Francis Dhanis. Mji uliondoka, mpunga ukabaki.

Shida ya mpunga ni kwamba unatoka shambani na maji mengi ndani yake. Kabla ya kupelekwa mashineni, maji hayo yanapaswa kushuka hadi karibu asilimia 14, la sivyo punje zinavunjika au zinaota ukungu gunia likiwa limefungwa. Ukianikwa juu ya udongo, unaokota vijiwe. Ukianikwa juu ya bashi, kuku na upepo wanamaliza kazi, na bashi lenyewe halimalizi misimu mingi. Ndiyo maana mama huyu alitaka dale.

Aliwahi kuwa nayo. Misimu miwili kabla ya hapo, kundi la vijana lilimmwagia dale nzima kwa nusu siku. Waliimwaga juu ya udongo mweusi wa juu bila kuushindilia. Beto yao ilikuwa na maji mengi, ikatiririka yenyewe kama uji, na kila mtu akafurahi kwa sababu haikumchosha mtu. Maji yalipojaa juu, wakanyunyiza simenti kavu iyanywe, wakapitisha mwiko, na kufikia jioni dale iling'aa kama kioo. Majirani walikuja kuitazama. Kabla ya mavuno ya pili, kile kioo kilianza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Magamba yake yaliingia katika mpunga, kutoka mpunga yakaingia katika mchele, na mchele ukaenda Kindu. Mnunuzi alitia punje chache mdomoni, akatema, akashusha bei. Mama hakuwa na la kujibu.

Safari ya pili alimwita mzee mmoja wa mtaa, fundi aliyejifunza kazi tangu utoto kwa kuwabebea mafundi wengine maji. Mzee alikuja na mwanafunzi wake, kijana mwenye asili ya Kabambare aliyefika Kasongo na jamaa zake wakikimbia mapigano. Mama alikuwa amenunua mifuko 10 ya simenti, mmoja mmoja, kadiri mchele ulivyouzwa.

Anayeishi kandokando ya lami hawezi kuelewa maana ya mifuko 10 katika kusini mwa Maniema. Simenti inatoka mbali. Kuna kiwanda Kabimba, karibu na Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyingine inavuka ziwa kutoka Tanzania. Kutoka huko ni lori, na lori linapokwama ni pikipiki, na pikipiki inaposhindwa ni baiskeli inayosukumwa kwa mkono katika matope. Kila aliyeubeba mfuko ameongeza kitu katika bei yake. Kwa hiyo mfuko unaopotea Kasongo si sawa na mfuko unaopotea Kalemie.

Kazi ya kwanza ya Mzee ilikuwa kupapasa mifuko yote. Aliifungua pembe, akaingiza mkono. Simenti nzuri ni laini na baridi kidogo, inapita katikati ya vidole kama unga wa muhogo. Mabonge yanayopondeka kwa vidole yanasamehewa. Mabonge yasiyopondeka ni simenti iliyokwisha kunywa maji njiani, na haitafanya kazi mara ya pili. Mifuko yote 10 ilipita. Aliagiza ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu sakafu ya udongo na ukuta wa matofali mabichi hupumua unyevu usiku.

Siku mbili zilizofuata hakugusa simenti. Dale ya zamani ilivunjwa. Udongo mweusi wenye mizizi uliondolewa mpaka wakafika kwenye udongo mwekundu. "Ule mweusi ni wa mimea," alimwambia mwanafunzi. "Mizizi itaoza, udongo utashuka, na dale itabaki inaning'inia bila kitu chini." Vipande vya dale ya zamani vilipondwa na kutandazwa kama kitanda. Walinyunyiza maji kidogo, wakashindilia kwa gogo lenye mishikio miwili, tabaka baada ya tabaka, mpaka kisigino cha mtu mzima hakikuacha alama. Juu yake ulikuja mchanga wa sentimita mbili hivi, kisha karatasi ya plastiki, ili ardhi isinyonye maji ya beto kutoka chini.

Kisha mteremko. Dale ya mpunga isiyo na mteremko ni bwawa. Mzee alitumia mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha maji ndani yake. Yeye akishika ncha moja, mwanafunzi ncha nyingine. Maji katika mpira hayadanganyi, yanasimama kimo kimoja pande zote mbili. Kutoka alama hiyo walishusha sentimita moja kwa kila meta, yaani sentimita tano kutoka ukuta wa nyumba hadi upande wa njia. Macho hayauoni mteremko huo, lakini maji ya mvua yanauona.

Mbao za kofraji zenye kimo cha sentimita nane zilipigiliwa kwenye vigingi. Katikati Mzee aliweka mbao nyingine, zikaugawa uwanja vipande vinne, kila kimoja meta mbili na nusu kwa mbili. Mama aliuliza kwa nini asimwage yote kwa pamoja, ipendeze.

"Mama, beto inapokomaa inajikunja," Mzee alimjibu. "Lazima itapasuka mahali fulani. Tukiichagulia mahali, itapasuka kwa mstari ulionyooka na hakuna atakayeona. Tusipoichagulia, itachagua yenyewe."

Siku ya kumwaga walianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Walichukua vipande viwili tu vinavyotazamana kwa pembe, kama vyumba vya drafti. Vingine viwili vilisubiri siku tatu. Kwa watu wachache wanaochanganya kwa mkono hiyo ndiyo akili: kila kipande kinakula mifuko miwili na nusu, na kinaweza kumalizwa kabla beto ya kwanza haijaanza kushika.

Kipimo hakikuwa sepetu, kwa sababu sepetu ya asubuhi na sepetu ya mchana hazijai sawa. Kipimo kilikuwa sanduku la mbao lenye sentimita 33 kila upande, ambalo linabeba karibu lita 35, sawa na simenti ya mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, masanduku manne ya changarawe. Mchanga ulitoka mtoni, na Mzee alikuwa ameujaribu: mchanga kiasi katika chupa, maji juu yake, kutikisa, kuacha utulie. Tope lililokaa juu lilikuwa jembamba kama ukucha. Lingekuwa nene, mchanga ungerudishwa kuoshwa, kwa sababu tope linaifunika kila punje na simenti haiwezi kuishika.

Walichanganya vikavu mpaka rangi ikawa moja, ndipo wakafungua shimo katikati na kutia maji. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kwa mfuko mmoja Mzee aliruhusu bido moja la lita 20 na nusu ndoo ndogo, si zaidi ya lita 25 kwa jumla, na alipunguza kidogo kwa sababu mchanga ulikuwa na unyevu wake. Beto ilitoka nzito. Ilisimama kama ugali laini. Mwana wa mama, aliyekuwa akigeuza kwa sepetu tangu alfajiri, alichoka.

"Mzee, tuongeze maji kidogo tu. Mikono inauma."

"Mwanangu, maji unayoongeza leo ili mikono isiume, mama yako atayalipa miaka yote."

Sababu yake si ya uchawi. Simenti inahitaji maji kiasi fulani ili kushika. Yale ya ziada hayana kazi. Yanabaki katikati ya punje, baadaye yanatoka na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana. Dale yenye vitundu vingi ni kama mkate: inaonekana nzima, lakini inavunjika kirahisi na inanyonya kila kitu. Mzee alichukua konzi ya beto, akaifinya. Ilishika umbo la mkono wake na haikudondosha tone. "Hii inatosha," alisema, na kijana akarudi kwenye sepetu.

Walimwaga kuanzia pembe ya mbali, wakiweka beto mahali pake badala ya kuirusha kutoka juu, kwa sababu ikirushwa mawe hutangulia na simenti hubaki nyuma. Kwa fimbo walichoma kandokando ya mbao ili hewa itoke. Kisha watu wawili walishika ubao mrefu ulionyooka, ambao mafundi huuita regile, wakauvuta juu ya kofraji kwa kukata huku na huku kama msumeno. Palipobaki shimo walijaza, wakarudia. Mzee alipitisha mara moja kibao cha mbao cha kusawazishia, ile talosha, akazamisha mawe yaliyochomoza. Kisha akaketi.

Aliketi chini ya paa la jiko, akaomba chai. Maji yalikuwa yamepanda juu ya beto, uso wote ukang'aa. Jirani mmoja alipita akasema kwa sauti kwamba fundi wa siku hizi analipwa kwa kukaa. Mwana wa mama naye aliona aibu, akanyanyua mwiko. Mzee hakuinuka, alinyoosha tu kidole: "Weka chini."

Saa hiyo ya kukaa ndiyo iliyoiua dale ya kwanza. Beto ikimwagwa, mawe na mchanga vinashuka kidogo na maji yanapanda. Fundi akipitisha mwiko wakati huo, anayarudisha maji ndani ya ngozi ya juu, na ngozi hiyo inakuwa dhaifu kuliko mwili wake. Akinyunyiza simenti kavu, anatengeneza ngozi nyembamba isiyoshikana na nyama iliyo chini. Vyote viwili vinapendeza siku hiyo, na vyote viwili vinabanduka baadaye. Maji hayo hayana dawa isipokuwa kuyaacha yaondoke yenyewe.

Ilipokaribia saa tano, wingu lilijitokeza. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambapo mvua ya kwanza haibishi hodi. Mama alitoka nje, akatazama juu, akatazama mifuko mitano iliyokwisha kuwa beto. "Mzee, malizeni basi, mvua itaharibu." Mzee alikubali mvua itaharibu, lakini hakukubali kumaliza. Walisimamisha miti, wakafunga bashi juu yake bila kuligusisha na beto, wakachimba mfereji mdogo kando. Matone yalipiga bashi kwa muda mfupi kisha wingu likasogea kuelekea Lualaba. Hakuna aliyesema neno.

Mng'ao ulipokwisha na uso ukawa wa kijivu kisichong'aa, Mzee alikanyaga kwa kisigino pembeni. Alama ilizama karibu nusu sentimita. Ndipo alipoinuka kweli. Alipiga magoti juu ya vipande viwili vya ubao, akapitisha talosha kwa mizunguko, akirudi nyuma. Alisubiri tena. Kisha mwiko wa chuma, mara ya kwanza ukiwa umelala, mara ya pili baada ya mapumziko, ukiwa umeinuliwa ukingo kidogo na kukandamizwa kwa nguvu. Mwiko ulipoanza kulia, sauti kali ya chuma juu ya kitu kigumu, aliacha. Dale ya latrini au ya mlangoni asingeilainisha hivyo, watu wangeteleza. Lakini mpunga unataka uso laini, punje zisijifiche ndani ya mikwaruzo.

Subira hiyo si mpya kwa watu wanaosema Kiswahili. Huko Zanzibar na miji mingine ya pwani, kabla ya simenti kufika, paa za nyumba za mawe zilitengenezwa kwa chokaa na vipande vya matumbawe juu ya boriti. Watu walipanda juu wakiwa kundi, wakazipiga kwa fimbo siku baada ya siku huku wakiimba, mpaka chokaa ikashikana. Hakuna aliyewaambia kwamba wanalipwa kwa kuimba.

Jioni ile Mzee alimwita mama, mwanawe na mabinti wawili wa nyumba. Aliwaambia kwamba kazi yake imekwisha na yao imeanza.

"Watu wanasema beto inakauka," alisema. "Nguo ndiyo inayokauka. Simenti inakunywa. Ikikauka kabla ya kushiba, inabaki ilivyo, hata ukiimwagia maji mwezi ujao."

Hivyo ndivyo ilivyo. Simenti ya leo ni ya ukoo wa ile ambayo fundi Mwingereza Joseph Aspdin aliiandikishia hati yake mwaka 1824, akaiita Portland kwa sababu ilifanana na mawe ya mahali hapo. Unga huo unapokutana na maji, viwili hivyo vinaungana na kuzaa kitu kipya, vijiti vidogo sana vinavyofumana na kushika mchanga na mawe. Kazi hiyo haihitaji jua. Nguzo za daraja zinakomaa zikiwa ndani ya mto. Inachohitaji ni maji yasiondoke. Katika siku 7 za unyevu beto inapata karibu theluthi mbili ya nguvu yake. Kipimo cha mafundi wa mijini ni siku 28. Maji yakiondoka siku ya pili, ufumaji unasimama hapo, na ngozi ya juu ndiyo inayoumia kwanza kwa sababu ndiyo inayolishwa na jua na upepo.

Kwa hiyo siku 7 za maji. Katika mtaa wenye bomba hilo ni jambo la kufungua na kufunga. Hapa maji yanatoka kwenye chemchemi bondeni, kichwani mwa binti. Mabido manne asubuhi na manne jioni, kwa siku 7, halafu siku nyingine tatu kwa sababu vipande vilimwagwa kwa zamu. Mama alihesabu, akanyamaza. Pesa za simenti alikuwa nazo, lakini shingo za watoto wake hakuziweka katika hesabu. Aligawa kazi: mabinti wachote, mwanawe amwagilie na kulinda.

Vipande viwili vya kwanza vilifunikwa mchanga uliolowa. Siku ya nne kofraji ya katikati ilitolewa, karatasi nyeusi ikawekwa kwenye kingo ili beto mpya isigandamane na ya zamani, na vipande viwili vya mwisho vikamwagwa kwa utaratibu uleule. Kimoja kilifunikwa magunia. Magunia hayakutosha, basi kile cha upande wa njia kilifunikwa majani ya mgomba.

Siku iliyofuata kulikuwa na mechi ya mpira kati ya mitaa miwili. Mwana wa mama alimwagilia asubuhi, akaenda. Mbuzi walitoka njiani, wakala majani ya mgomba yote. Jua lilikuwa kali mpaka saa tisa. Aliporudi jioni alikuta kipande kimepauka, cha joto kama jiwe la jiko. Alikimwagia maji mengi, akakata majani mapya, akafunika. Usiku mama aliuliza kama dale imekunywa. Akajibu imekunywa.

Baada ya mwezi mmoja Mzee alirudi kuitazama. Alitoa msumari mfukoni, akakwaruza kipande cha kwanza: mstari mweupe tu. Cha pili, mstari. Cha tatu, mstari. Katika kipande cha upande wa njia msumari ulichimba, na vumbi likajikunja kama unga. Mzee alipuliza vumbi, akamtazama mama, kisha akamtazama kijana.

"Hiki hakikunywa," alisema.

Kijana angeweza kusema ni simenti mbovu, na watu wengi wangemwamini, kwa sababu kila dale inayoharibika katika mji huu inasingiziwa simenti. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Ni siku ya mechi, mama. Mbuzi walikula majani."

Mama hakukivunja kipande hicho. Mifuko miwili na nusu haivunjwi kwa hasira. Wakati wa mavuno aliuanika mpunga kwenye vipande vitatu, umetandazwa mwembamba na kugeuzwa kwa reki ya mbao mara nyingi kwa siku. Kipande cha nne aliweka mizani na magunia. Anayekifagia kila asubuhi ni mwanawe, bila kuambiwa. Mchele wa msimu huo ulifika Kindu, mnunuzi akatia punje mdomoni, akatafuna, akameza.

Mwanafunzi wa Mzee aliyaona hayo yote. Miezi michache baadaye, habari za utulivu zilipofika kutoka upande wa kwao, alipanda pikipiki kwenda Kabambare. Mama yake mzazi alikuwa amerudi kabla yake na kuikuta nyumba imesimama, lakini choo kimeingia shimoni. Kilikuwa kimefunikwa magogo na udongo, kama vyoo vingi vya huko, na mchwa walikuwa wamekula magogo wakati hakuna mtu. Katika familia inayoogopa kipindupindu, choo kilichobomoka ni jambo la haraka. Katika nyumba yenye wajukuu, choo kinachokaribia kubomoka ni jambo la haraka zaidi.

Simenti aliyoweza kuipata ilikuwa mfuko mmoja. Ilitosha, kwa dale ya meta moja na sentimita 20 kila upande, yenye unene wa sentimita saba. Lakini hii si dale ya Kasongo. Ile ya mpunga imelala juu ya ardhi, ardhi inaibeba. Ya choo inaning'inia juu ya shimo. Mzee alikuwa amemfundisha tofauti kwa kijiti kibichi: kikikunjwa kwenda chini katikati, ngozi ya juu inabanwa na ngozi ya chini inavutwa mpaka inachanika. Beto inavumilia sana kubanwa, lakini kuvutwa haikuwezi. Anayevumilia kuvutwa ni chuma. Kwa hiyo chuma kinakaa chini, karibu na tumbo la dale, si juu wala katikati, ingawa ni rahisi zaidi kukitupia juu wakati beto imekwisha kumwagwa.

Alifunga vyuma vya milimita nane, kimoja kila sentimita 15, huku na huku kama wavu. Chini yake aliweka vijiwe vya sentimita mbili, ili beto ipite chini ya chuma na kukifunika kisishikwe na kutu. Tundu alilifanya jembamba, mtoto asiweze kuanguka ndani. Wapo wanaofanya bila chuma kabisa: huko Msumbiji, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mafundi walimwaga dale za vyoo za duara zilizoinuka katikati kama kuba ndogo, na umbo hilo linaibana beto badala ya kuivuta. Lakini yeye hakuwahi kuifanya, na hakutaka kujifunzia juu ya wajukuu.

Aliimwaga chini ya mwembe, mbali na shimo. Maji aliyapima. Alikaa akasubiri mng'ao uondoke, na wapo waliopita wakamcheka, naye alicheka nao. Alimalizia kwa talosha ya mbao tu, uso ubaki mkavu wa kukanyaga. Aliijengea kingo za udongo kuizunguka, akaijaza maji kama bwawa, na bwawa mbuzi hawali. Kila asubuhi kabla ya kuosha uso alikwenda kulitazama. Hakuihamisha siku ya 7, ingawa mama yake alimwomba. Alingoja wiki mbili.

Siku ya kuihamisha aliomba msaada wa wanaume wa jirani. Kwanza waliiweka juu ya matofali kandokando, katikati pakiwa wazi, kimo cha kiganja tu kutoka ardhini, ili ikivunjika isimuumize mtu. Akawaomba wapande. Alipanda mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wakawa sita, wamekumbatiana mabegani ili watoshe. Wajukuu walicheka sana. Kijana alilala kifudifudi, akatazama tumbo la dale kwa mwanga wa simu. Hakukuwa na ufa.

Jioni alipanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia Mzee Kasongo. Alimweleza kila kitu: vyuma, tundu, watu sita.

Upande wa pili kulikuwa na kimya kidogo, kisha Mzee akauliza: "Imekunywa siku ngapi?"

"Kumi na nne, Mzee."

"Basi iweke," alisema Mzee. "Na msalimie mama."